Kakapo: Kasuku asiyeruka aliyeponea chupuchupu kuangamia

KASUKU ajulikanaye na wengi ni yule afugwaye kizimbani akaiga maneno ya wenye nyumba, au yule apitaye angani kwa kelele akielekea kwenye miti ya matunda. Lakini katika visiwa vichache vya New Zealand yuko kasuku wa namna nyingine kabisa. Hawezi kuruka, hutembea usiku, na dume lake likinenepa huweza kufikia uzani wa kilo nne, uzani usiofikiwa na kasuku mwingine yeyote duniani.

Ndege huyo huitwa kakapo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, nalo lina maana ya kasuku wa usiku. Wanasayansi humwita Strigops habroptilus, na Mwingereza George Robert Gray ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi, mwaka wa 1845.

Mwaka wa 1995, kakapo waliojulikana kuwa hai duniani kote walikuwa 51 pekee. Baada ya msimu wa kuzaana wa mwaka wa 2022 walihesabiwa 252. Ongezeko hilo ni la kutia moyo, lakini idadi yenyewe bado ni ndogo kuliko ile ya wanafunzi wa shule moja ya msingi. Ndiyo sababu kakapo angali kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Hatari zinazomkabili ni nyingi. Baadhi ni za kale, nyingine zimejitokeza baada ya binadamu kuanza kumwokoa. Zote, hata hivyo, zina shina moja: kakapo aliumbika kwa ajili ya nchi isiyokuwa na mnyama wa kumwinda kwa kunusa, na nchi hiyo haipo tena.

Nchi ya ndege watupu

Ardhi ya New Zealand ilijitenga na bara kuu la kale la kusini yapata miaka milioni 80 iliyopita. Kwa muda mrefu kabla ya binadamu kufika, wanyama wanyonyeshao wa asili walioishi nchi kavu huko walikuwa popo peke yao. Hapakuwa na chui, fisi, paka, mbwa wala panya.

Nafasi ambazo kwingineko hushikwa na wanyama hao zilichukuliwa na ndege. Walikuwapo ndege wakubwa waliokula majani kama swala, ndege waliochakura ardhi wakitafuta wadudu, na ndege waliowala ndege wenzao. Kakapo akawa mla majani, mizizi, mbegu na matunda, akipita chini ya miti usiku.

Kuruka kunahitaji nguvu nyingi, na kiumbe asiyelazimika kukimbia adui wa ardhini hana haja kubwa ya kuruka. Kadiri vizazi vilivyopita, misuli ya kifua cha kakapo ilipungua, na mfupa wa kifua unaoshikilia misuli hiyo ukawa mdogo. Mabawa yalibaki, lakini leo huyatumia kujisawazisha anapopanda miti na kupunguza kishindo anaporukia chini.

Si kila ndege asiyeruka ni mnyonge. Mbuni wa Afrika hawezi kuruka, lakini amekua katika mbuga moja na simba na duma, kwa hivyo ana mbio na ana teke la kuua. Kakapo hana mbio wala teke. Maadui aliowajua ni wale waliotoka angani.

Kinga iliyogeuka kitanzi

Miongoni mwa maadui hao wa kale alikuwamo tai wa Haast, ndege mkubwa ajabu aliyetoweka yapata miaka 600 iliyopita, pamoja na jamii za mwewe na bundi. Ndege hawa huwinda kwa macho. Huona kitu kinachotikisika, kisha hushuka.

Kinga ya kakapo ililingana na adui huyo. Manyoya yake ni ya kijani kilichochanganyika na madoa meusi na manjano, rangi inayofanana mno na kuvu na majani ya msitu wa mvua. Akishtuka, hakimbii. Hukauka palepale kama kipande cha gogo, akangoja hatari ipite. Aidha, alihamishia shughuli zake usiku, wakati ambapo tai hawaoni.

Mbele ya tai kinga hiyo ilifaa. Mbele ya mnyama anayewinda kwa pua haikufaa kitu. Kakapo ana harufu tamu na nzito, inayoweza kutambulika hata na binadamu aliye karibu. Mbwa, paka au kicheche hahitaji kumwona. Hufuata harufu mpaka mahali alipo, akamkuta ametulia tuli.

Kiota nacho kiko chini, ndani ya shimo la mti au chini ya vichaka. Jike hutaga yai moja hadi manne, akayaatamia peke yake kwa takribani mwezi mmoja. Dume halimsaidii kwa lolote. Usiku jike hulazimika kutoka kwenda kutafuta chakula, na wakati huo mayai au makinda hubaki bila mlinzi. Panya mmoja mwenye njaa anatosha kumaliza uzazi wa mwaka mzima.

Wageni wa kwanza na wa pili

Mababu wa Wamaori walifika New Zealand kwa mitumbwi katika karne ya 13, wakitoka visiwa vya Polynesia. Walikuja na mbwa, na pia panya wa Pasifiki ambaye Wamaori humwita kiore. Kakapo aliwindwa kwa nyama yake, na manyoya yake mororo yakashonwa mavazi ya thamani. Misitu ilipochomwa ili kupisha mashamba, makao yake yalipungua zaidi. Hata hivyo, Wazungu walipoanza kuhamia huko katika karne ya 19, kakapo alikuwa angali wengi katika maeneo ya milimani na yenye mvua nyingi.

Wazungu walileta paka, na panya wa aina mbili wakubwa kuliko kiore. Walikata misitu kupata malisho ya kondoo. Wakusanyaji wa viumbe nao waliwachukua kakapo wengi kwa ajili ya makavazi ya Ulaya.

Pigo zito zaidi lilitokana na kosa la kutibu kosa. Walowezi walileta sungura, na sungura wakazaana mpaka wakamaliza nyasi za kondoo. Katika miaka ya 1880, licha ya maonyo ya wataalamu wa ndege, wakaletwa vicheche wa Ulaya ili wawale sungura hao. Kicheche huyo ni mnyama mwembamba, mwepesi, anayepanda miti, anayepenya mashimo na anayeogelea. Sungura hawakuisha. Ndege wasioruka ndio waliokwisha.

Kisa hiki si cha New Zealand peke yake. Katika Bahari ya Hindi, dodo wa Mauritius alitoweka katika muda usiofika karne moja tangu Waholanzi walipofika kisiwani mwaka wa 1598. Kwenye visiwa vya Aldabra nchini Ushelisheli, yuko ndege mwingine mdogo asiyeruka, ambaye ndiye wa mwisho wa namna yake katika visiwa vyote vya bahari hiyo. Huyo naye alitoweka kwenye kisiwa kikubwa cha Aldabra kwa sababu ya paka, akasalia pale ambapo paka hawakufika.

Jaribio la Richard Henry

Mtu mmoja alitambua mapema kwamba njia ya kumwokoa kakapo ni kumpeleka mahali ambapo adui hayupo. Kisiwa cha Resolution, kusini magharibi mwa New Zealand, kilitengwa kuwa hifadhi mwaka wa 1891. Mwaka wa 1894 Richard Henry aliajiriwa kuwa mlinzi wake.

Kwa miaka kadhaa Henry alisafiri kwa mashua katika ghuba za Fiordland, akiwasaka kakapo na kiwi kwa msaada wa mbwa aliyefungwa mdomo, kisha akiwahamishia kisiwani. Alihamisha mamia ya ndege. Pia aliandika kwa makini juu ya tabia za kakapo, mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameyachunguza kabla yake.

Mwaka wa 1900 kicheche alionekana kisiwani. Maji yaliyotenganisha Resolution na nchi kavu yalikuwa machache mno kumzuia mnyama anayejua kuogelea. Kazi ya miaka sita ikapotea bure.

Wazo la Henry halikuwa baya. Lililokosekana ni kisiwa kilicho mbali vya kutosha, na mbinu za kuwaondoa maadui ambao wameshafika. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuja kuwa msingi wa uhifadhi wa kakapo karibu karne moja baadaye.

Madume bila majike

Kuanzia mwaka wa 1949 serikali ya New Zealand ilituma misafara mingi milimani kuwatafuta kakapo waliosalia. Waliopatikana katika mabonde ya Fiordland walikuwa wachache, na kila aliyechunguzwa kwa uhakika alikuwa dume. Kwa muda, wataalamu waliamini kwamba spishi hiyo ilikuwa imekwisha, ila tu wale wa mwisho walikuwa hawajafa.

Mwaka wa 1977 habari zikabadilika. Katika kisiwa cha Stewart, ambacho Wamaori hukiita Rakiura, kusini kabisa mwa nchi, kuligunduliwa kakapo ambao walikuwa wamesalimika kwa sababu vicheche hawakufika huko. Mwaka wa 1980 ilithibitishwa kwamba miongoni mwao walikuwamo majike.

Furaha hiyo haikudumu. Kisiwa hicho kilikuwa na paka-mwitu, nao walikuwa wameanza kuwamaliza kakapo. Uchunguzi ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kakapo wazima waliokuwa wakifuatiliwa walikuwa wakiuawa kila mwaka. Kwa kasi hiyo, kundi zima lingetoweka katika muda wa miaka michache.

Uamuzi ulikuwa mmoja tu: kuwahamisha wote waliopatikana. Wataalamu, miongoni mwao Don Merton aliyejulikana kwa juhudi zake za kuokoa ndege wa visiwani, waliwasaka kakapo mmoja mmoja na kuwapeleka kwenye visiwa vya mbali kama vile Hauturu, Maud na Whenua Hou. Paka walikuwa wameshaondolewa Hauturu. Whenua Hou iliondolewa panya wake mwaka wa 1998.

Kutoka Fiordland ni dume mmoja tu aliyefika kwenye mradi huo na kuacha kizazi. Alikamatwa mwaka wa 1975, akapewa jina la Richard Henry kwa heshima ya yule mlinzi wa Resolution.

Mzazi asiye na haraka

Mtu angedhani kwamba baada ya maadui kuondolewa, kakapo wangeongezeka wenyewe. Haikuwa hivyo, kwa sababu hakuna kasuku anayezaa kwa taratibu kama huyu.

Kakapo hawazaani kila mwaka. Katika visiwa vya kusini, hungoja mwaka ambao mti wa rimu huzaa matunda kwa wingi, jambo linalotokea kila baada ya miaka miwili hadi minne. Matunda hayo ndiyo chakula kikuu cha makinda. Mwaka ambao rimu haukuzaa, kakapo hawataniani wala hawatagi.

Rimu ukielekea kuzaa, madume hupanda vilimani. Kila dume huchimba vishimo kama bakuli, akavisafisha pamoja na vijia vinavyoviunganisha. Hukaa humo usiku, akavuta hewa mpaka kifua kinafura, kisha akatoa mngurumo mzito kama wa ngoma inayopigwa mbali. Mngurumo huo husikika umbali wa kilomita kadhaa. Dume anaweza kuuendeleza kwa saa nyingi kila usiku, kwa muda wa miezi miwili au mitatu.

Majike huusikia, wakatembea kwa miguu hadi huko, wakachagua dume, kisha kila mmoja akarudi kwake kutaga. Madume machache hupendwa na wengi, na mengine hayapati jike hata mmoja. Tabia hiyo haikuwa na madhara zamani palipokuwa na maelfu ya ndege. Katika kundi dogo, maana yake ni kwamba makinda wengi huwa wa baba mmoja.

Kakapo hufidia mwendo huo kwa kuishi miaka mingi, pengine sawa na umri wa binadamu. Lakini umri mrefu una faida tu ikiwa ndege wazima hawauawi. Palipo na paka, jike anaweza kufa kabla mti wa rimu haujazaa mara ya pili.

Shibe yenye hasara

Ili kuwahimiza majike watage, wahifadhi walianza kuwapa chakula cha ziada mwaka wa 1989. Ndege walinenepa, lakini ikajitokeza shida ambayo haikutarajiwa: makinda wengi walikuwa madume. Jike aliyeshiba sana alielekea kuzaa madume, na yule aliyekula kiasi akazaa zaidi majike.

Kwa spishi iliyokuwa tayari na uhaba wa majike, huo ulikuwa msaada unaoumiza. Watafiti walipoligundua jambo hilo, walianza kupima uzito wa kila jike na kumpa chakula kwa kiasi: cha kutosha kumwezesha kutaga, lakini kisichomnenepesha kupita kiasi kabla ya kutaga. Mwaka wa 2002, rimu ulipozaa kwa wingi katika kisiwa cha Whenua Hou, makinda 24 walilelewa mpaka wakakua. Mwaka wa 2009 walikuwa 33, na kwa mara ya kwanza tangu uokoaji uanze, kakapo wakapita 100.

Mayai viza na damu ya karibu

Maadui wa nje wanaweza kutegwa. Adui aliye ndani ya damu hategeki. Karibu kakapo wote walio hai ni kizazi cha ndege wachache waliotoka kisiwa cha Stewart, hivyo basi wengi wao ni ndugu wa karibu.

Dalili ya jambo hilo huonekana kwenye viota. Sehemu kubwa ya mayai ya kakapo, yapata nusu katika misimu kadhaa, hubaki viza. Mengine huanza kukua kisha kiini kikafa kabla ya kuanguliwa. Kundi ambalo damu yake imekaribiana sana huwa pia na upungufu wa kinga: ugonjwa unaompata mmoja unaweza kuwapata wote.

Ndiyo sababu yule dume wa Fiordland alithaminiwa kuliko wote. Richard Henry alikuwa na jeni ambazo wa Stewart hawakuwa nazo. Mwaka wa 1998 alipata makinda watatu na jike aitwaye Flossie. Alipofariki mwaka wa 2010, watatu hao walibaki kuwa warithi pekee wa damu ya bara.

Wanasayansi wamejitahidi kuikabili hali hiyo. Mwaka wa 2009 walifaulu kwa mara ya kwanza kupata makinda kwa njia ya kupandikiza mbegu za dume. Aidha, jeni za takribani kila kakapo aliyekuwa hai zilisomwa na kurekodiwa, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa spishi nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulileta habari njema kidogo: kakapo wa Stewart, kwa kuwa waliishi wachache kisiwani kwa maelfu ya miaka, walikuwa na kasoro chache za kurithi kuliko wale wa bara. Inaelekea kwamba kasoro mbaya zaidi zilikwisha kuchujwa na wakati.

Maradhi

Mwaka wa 2004 ndege watatu wachanga, wote majike, walikufa kutokana na maambukizi ya bakteria baada ya kuhamishwa kisiwa. Kwa kundi lililokuwa halijafika 100, majike watatu lilikuwa pengo kubwa.

Mwaka wa 2019 ulikuwa wa neema na msiba kwa pamoja. Rimu ulizaa mno, mayai zaidi ya 200 yakatagwa, na makinda zaidi ya 70 wakaishi, idadi ambayo haikuwa imeonekana tangu kazi hiyo ianze. Katikati ya msimu huo kulizuka ugonjwa wa mapafu unaoletwa na ukungu. Ndege 21 waligunduliwa kuwa nao, wakasafirishwa kwa helikopta na ndege hadi hospitali za wanyama bara, na wengine wakatibiwa kwa miezi. Tisa walikufa.

Tukio hilo lilidhihirisha hatari ya kuwaweka viumbe wote mahali pachache. Ukungu, moto au bakteria vikiingia katika kisiwa kimoja, sehemu kubwa ya spishi nzima huwa mashakani kwa siku chache.

Ukosefu wa makao

Kakapo wameongezeka, lakini visiwa havijaongezeka. Makundi makubwa yako Whenua Hou na Anchor. Kisiwa kinachofaa lazima kiwe na msitu, kiwe kikubwa, kisiwe na paka wala kicheche, na kiwe mbali kiasi cha kicheche kushindwa kuogelea. Visiwa vya namna hiyo ni vichache, na vinaelekea kujaa.

Julai 2023 madume wanne walipelekwa Maungatautari, mlima wenye msitu katika eneo la Waikato, uliozungushiwa ua wa kilomita 47 usiopitika na panya wala paka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kakapo kuishi bara tangu miaka ya 1980. Wengine waliwafuata baadaye. Ua huo, uliojengwa kuzuia wanyama wasiingie, haukufua dafu mbele ya ndege anayejua kupanda. Baadhi ya kakapo waliukwea wakatoka nje, wakabidi kutafutwa na kurudishwa kwa kufuata mawimbi ya vifaa walivyofungwa.

Jambo jingine linalowatia wasiwasi wataalamu ni hali ya hewa. Mti wa rimu huamua kuzaa kwa kufuata mabadiliko ya joto kati ya msimu mmoja na mwingine. Joto la dunia likibadilika, ratiba ya miti inaweza kubadilika, na ratiba ya kakapo ikafuata.

Kazi isiyoisha

Kwa miaka mingi kila kakapo amepewa jina na kufungwa mgongoni kifaa kidogo kinachorusha mawimbi ya redio. Kifaa hicho huwaambia walinzi ndege alipo, ikiwa yu hai, na hata dume gani amekutana na jike gani. Betri hubadilishwa kila mwaka, kwa hivyo kila ndege hutafutwa msituni na kushikwa. Wakati wa kuzaana, watu hulala karibu na viota, wakapima makinda, wakahamisha mayai kutoka kwa jike mmoja hadi mwingine, na wakawalea kwa mkono wale waliodhoofika. Idara ya Uhifadhi ya New Zealand huifanya kazi hiyo kwa ushirikiano na Ngai Tahu, jamii ya Wamaori wa kusini ambao humhesabu kakapo kuwa hazina yao.

Msimu wa 2022 ulipopita, idadi ilianza kushuka polepole kwa kuwa ndege wazee hufa na makinda hawazaliwi mpaka rimu uzae. Kufikia mwaka wa 2025 ilikuwa chini ya 250. Kushuka huko si dalili ya mradi kushindwa, bali ni desturi ya ndege mwenyewe. Lakini kunaonyesha jinsi misimu miwili mibaya inavyoweza kuturudisha nyuma kwa haraka.

Lengo lililotangazwa na wahifadhi ni kupunguza msaada huo hatua kwa hatua, ili kakapo wajilee wenyewe. Hilo haliwezekani pasipo ardhi. Mwaka wa 2016 serikali ya New Zealand ilitangaza azma ya kuwamaliza panya, vicheche na posamu nchini kote ifikapo mwaka wa 2050. Mwaka wa 2025 paka-mwitu nao wakaongezwa kwenye orodha hiyo. Kisiwa cha Stewart, chenye ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 1,600, ni miongoni mwa maeneo yanayotazamwa kwa matumaini zaidi.

Ikiwa kisiwa hicho kitasafishwa, kakapo watakuwa wamepata msitu mkubwa kuliko visiwa vyao vyote vya sasa vikijumlishwa pamoja, na ni msitu uleule ambamo wazazi wao walitolewa mmoja mmoja ili wasiliwe na paka. Kisiposafishwa, wataendelea kuishi kwa zamu za walinzi, wakingoja rimu uzae, na walinzi wakingoja pamoja nao.